Titresheni ya KCSE: Alama Hupotelea Kwenye Vyombo

Karatasi ya tatu ya Kemia katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili Kenya, ina alama 40 na hufanywa kwa saa 2 na dakika 15. Titresheni, yaani kupima ni asidi kiasi gani inayomaliza alikali, hutokea humo karibu kila mwaka, na mtahiniwa hodari wa hesabu huweza kuponzwa na jinsi alivyosuuza vyombo.

Bureti, mrija wenye vipimo unaodondosha asidi, isuuzwe kwa asidi ile ile itakayojazwa ndani, na pipeti, mrija wa kupimia alikali, kwa alikali hiyo. Maji yakibaki ndani ya bureti huizimua asidi, ukajikuta umetumia nyingi kuliko inavyostahili. Chupa ya koniko, inayopokea alikali hiyo, ni kinyume: isuuzwe kwa maji yaliyokenekwa tu, kama yale ya betri. Ukiisuuza kwa alikali, matone yanayobaki ubavuni huongeza moli (kipimo cha wingi wa kemikali) juu ya zile za sm³ 25 ulizopima. Maji safi hayaongezi kitu.

Hapa Mombasa neno “safi” lina uzito wake. Maji mengi ya visima vyetu hupita kwenye mawe ya matumbawe na kubeba kalisiamu haidrojenikaboneti, ambayo nayo hula asidi. Maji hayo yana hila hata kwenye swali la kutambua ioni: neli ya majaribio iliyooshwa kwa maji ya kisima ikitiwa lidi naitreti huweza kutoa mashapo meupe, na mtahiniwa akaandika ioni isiyokuwamo kwenye chumvi aliyopewa. Suuzo la mwisho liwe la maji yaliyokenekwa, kila mara.

Ukishajaza bureti, ondoa faneli. Tone likidondoka kutoka humo katikati ya kazi, ujazo utasomeka mdogo. Fungua koki kwa ghafla ili kiputo cha hewa chini yake kitoke. Soma chini ya mpindo wa uso wa asidi, jicho likiwa sambamba na mstari. Pipeti iguse ubavu wa chupa, wala usiipulize: tone linalosalia nchani halimo katika zile 25.

Matone 2 au 3 ya kiashiria, rangi inayoonyesha alikali imeisha, yanatosha. Kwa methili oranji, alikali ikiwa chupani, simama rangi ya njano inapogeuka ya chungwa. Ikiwa nyekundu, umeshapita. Sodiamu kaboneti ikikutana na asidi ya haidrokloriki, fenoftalini, kiashiria kingine, hupoteza rangi nusu ya safari, kaboneti ikiwa imefika haidrojenikaboneti tu.

Bureti ni ya sm³ 50. Ukianza 0.00 ukaishia 22.50, ya pili ikaishia 45.00, jaza upya kabla ya ya tatu. Desimali ziwe sawa jedwali zima.

Tuseme umepata 23.40, 22.50 na 22.50. Ukizijumlisha zote wastani ni 22.80, nao si sahihi. Rudia ile ya kwanza ukiwa na muda. La sivyo tumia zile zisizopishana zaidi ya 0.20, na uonyeshe kazi ya kugawanya.

Asidi ikiwa ya salfuriki, 0.05 M (moli 0.05 kwa lita), moli zake ni 0.05 × 22.5 ÷ 1000 = 0.001125. Kila moli 1 ya asidi hii humaliza moli 2 za sodiamu haidroksaidi, kwa hiyo alikali ina moli 0.00225 ndani ya sm³ 25, yaani 0.09 M. Anayepata 0.045 hakuandika mlinganyo kwanza.