Nikon D40: yanayosemwa na kamera yenyewe ilivyo

Ukitoa Nikon D40 mkobani pale soko la samaki Bagamoyo, hukosi kijana wa kukuuliza, "Kaka, hiyo ina megapikseli ngapi?" Ukimjibu sita anacheka, anakuonyesha simu yake ya 50. Kamera hii ni DSLR, yaani ya kidijitali ambayo unabadilisha lenzi na kutazama kupitia lenzi hiyohiyo. Ilitangazwa Novemba 2006, na tangu hapo imezungukwa na maneno mengi: ya kuidharau, na siku hizi hata ya kuisifu kupita kiasi. Anayetaka kuinunua kwa mtu, mkononi, inampasa achuje yote mawili.

"Megapikseli 6 hazitoshi"

Hazitoshi kwa kazi gani? Picha yake ina nukta 3008 upande mrefu na 2000 upande mfupi, yaani nukta kama milioni sita, na megapikseli moja ni nukta milioni. Ukiisafisha kwa saizi ya inchi 8 kwa 12, ile ya kutia fremu na kutundika sebuleni, unapata nukta 250 kwa kila inchi. Mgeni akiisogelea haoni kasoro. Picha za albamu za inchi 4 kwa 6 ndiyo kabisa, zinabakiza chenji. Televisheni ya Full HD nayo ina nukta 1920 kwa 1080, yaani megapikseli kama 2 tu, na hakuna anayelalamika akitazama mpira.

Halafu hesabu yenyewe inadanganya. Kutoka megapikseli 6 kwenda 12 watu hudhani picha imekuwa kubwa mara mbili kwa upana. Sivyo, upana unaongezeka kama mara 1.4. Ili upana uwe maradufu unahitaji 24.

Zinapopungukia ni kwenye kukata. Jahazi likiwa mbali, ukapiga kwa lenzi fupi ukitegemea kuja kulivuta nyumbani kwenye kompyuta, utabaki na chenga. Na D40 sogea mwenyewe, au tafuta lenzi ndefu.

"Simu ya sasa inaipiga chini"

Kwa mambo kadhaa, ndiyo, na hakuna haja ya kubishana. D40 hairekodi video hata sekunde moja. Nikon wenyewe walileta video kwenye kamera za aina hii na D90, mwaka 2008. Kioo chake cha nyuma ni cha kutazama picha iliyokwisha kupigwa, si cha kupigia. Usiku, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikifika 1600 inaanza kutoa chenga, wakati simu inachanganya picha kadhaa kimyakimya na kukupa moja iliyotulia.

Lakini ukubwa wa sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, haujabadilika kwa sababu simu imekuwa ghali. Sensa ya D40 ni milimita 23.7 kwa 15.6. Hata zile simu za bei mbaya zenye sensa inayoitwa ya inchi moja, ambayo kwa kweli ni kama milimita 13.2 kwa 8.8, hazifikii theluthi ya eneo hilo. Ndiyo maana mandhari ya nyuma huyeyuka kwa ulaini, bila simu kukisia nywele za mtu zinaishia wapi na kumkata nusu sikio.

Na kuna jambo la saa sita mchana. Simama kwenye mchanga mweupe jua likiwa utosini, jaribu kuona kilichomo kwenye kioo cha simu. Unapiga kwa kubahatisha. Kwenye D40 unaweka jicho kwenye kitundu na kuona kitu chenyewe kupitia lenzi, jua liwake litakavyo. Ukibonyeza, imepiga, mvuvi aliyerusha kamba unampata kamba ikiwa bado hewani.

"Flashi ni ya usiku"

Hapa ndipo kamera hii inapodharauliwa bure, na ndipo ilipo nguvu yake kubwa.

Bahari ya Bagamoyo iko mashariki. Asubuhi jua linatoka majini, na kila mtu anataka apigwe majahazi yakiwa nyuma yake. Maana yake jua liko mgongoni mwake na uso uko kivulini. Ukiiongezea kamera mwanga ili uso uonekane, bahari inageuka karatasi nyeupe. Ukiiacha bahari na rangi yake, uso unakuwa kivuli kitupu. Dawa ni kuwasha flashi palepale juani, ijaze uso.

Kikwazo kiko kwenye shata, kile kifuniko kinachofunguka na kujifunga ili mwanga ufike kwenye sensa. Shata ina mapazia mawili, na kasi ikizidi kiwango fulani, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua. Flashi ikiwaka wakati huo, inaangaza ukanda tu wa picha. Kamera nyingi za aina hii hukwama kwenye 1/200 au 1/250 ya sekunde. D40 inafika 1/500, kwa sababu sensa yake, ya aina iitwayo CCD, inaweza kukata mwanga yenyewe kwa umeme, pazia likiwa bado wazi.

Faida yake iko kwenye umbali. Kwenye jua kali, ISO 200, kasi ya 1/500 inataka tundu la lenzi la kama f/10 (namba ya f ikikua, tundu linapungua). Kwa flashi ndogo iliyomo kwenye kamera, hapo unaangaza mtu aliye kama mita 1.7. Ungebanwa kwenye 1/200, ungelazimika kufunga tundu hadi f/16, na flashi ingefika mita moja tu, yaani umkaribie bibi harusi mpaka akusukume. Kitu cha kuchekesha ni kwamba ndugu yake aliyefuata mwaka 2007, D40x, alipewa megapikseli 10 akanyang'anywa hii: yeye anaishia 1/200. Watu walilipa zaidi.

Jaribu kwa vijana wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, wanapocheza ngoma nje. Punguza nguvu ya flashi hatua moja, isije ikafanya uso ung'ae kama sahani. Tazama macho: pale ambapo paji la uso lilitupa kivuli kizito, sasa mboni inaonekana, na ndani yake kuna kanukta keupe ka mwanga.

"CCD ina rangi za filamu"

Hili ni la vijana wa mitandaoni. Rangi za picha hutokana zaidi na vichujio vya rangi vilivyo juu ya sensa na jinsi kamera inavyopika faili la picha, la JPEG. Ni kweli D40 hutoa JPEG zenye rangi zilizokolea, milango ya nakshi ya Mji Mkongwe inapendeza, lakini hakuna uganga. Usikubali kuongezewa bei kwa herufi tatu.

"Lenzi yoyote ya Nikon inaingia, basi inafanya kazi"

Kuingia inaingia. Kufokasi yenyewe ni habari nyingine. D40 ilikuwa ya kwanza ya aina yake kutoka Nikon kutengenezwa bila mota ya fokasi ndani ya bodi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwa ndogo hivi: gramu 475 bila betri. Kwa hiyo mota lazima iwe ndani ya lenzi. Tafuta maandishi AF-S. Ile lenzi ya 50mm f/1.8D ambayo wengi wanayo itapima mwanga vizuri, ila fokasi utazungusha kwa mkono, ukiangalia kitaa cha kijani kwenye kitundu kikuambie umefika. Kwa kuta za matumbawe za magofu ya Kaole hilo si tabu, hazikimbii. Kwa watoto wanaocheza mpira ufukweni utachoka mapema.

"Kadi kubwa ndiyo bora"

Si kwa hii. Inasoma kadi za kuhifadhia picha za SD na SDHC, mwisho GB 32. Ya GB 64 ni kizazi cha baadaye, haitaitambua, na watu wamerudisha kamera dukani kwa kudhani ni mbovu. Picha ya JPEG ni kama MB 3, hivyo hata GB 4 inabeba zaidi ya elfu.

"Imetunzwa ndani, haijatumika, ni mpya kabisa"

Pwani hii, kuwekwa kabatini ndiko kunakoua lenzi. Unyevu na giza huotesha ukungu kati ya vioo, nyuzi nyembamba kama za buibui. Kabla ya kutoa hela, toa lenzi, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Kisha piga picha ya mbingu kwa f/16 uikuze kwenye kioo: madoa ya kijivu ni vumbi la kwenye sensa, linatoka kwa pampu ya mpira, lisipulizwe kwa mdomo kwa sababu mate hukaukia pale. Betri yake ni EN-EL9. Ikiwa ya muuzaji imechoka, ile EN-EL9a iliyokuja na D3000 na D5000 inaingia pia.