Je, wajua kwa nini nyota moja ina majina saba? Namna ya kusoma namba za nyota

Fungua apu yoyote ya nyota kwenye simu, bonyeza Betelgeuse, ile nyota nyekundu-nyekundu kwenye bega la kundinyota la Orion, alafu shuka chini kwenye maelezo yake. Utakuta α Ori, 58 Ori, HR 2061, HD 39801, SAO 113271, HIP 27989, BD+7 1055, na hapo bado kuna mengine. Mara ya kwanza nilipoona hiyo orodha nilidhani kuna nyota kadhaa zimesongamana hapo, kumbe ni nyota moja tu. Sasa swali: ilikuwaje wataalamu wakashindwa kukubaliana jina moja?

Ukweli ni kwamba hakuna aliyekaa akasema hii tuipe majina saba. Kila orodha ilitengenezwa na mtu aliyekuwa na shida yake, mmoja anataka ramani, mwingine anataka kupima umbali, mwingine anachambua rangi ya mwanga, na kila mmoja akazihesabu nyota upya kwa mpangilio unaomfaa yeye. Ukishajua alikuwa anatafuta nini, ile namba yenyewe inaanza kukuambia vitu.

Tuanze na majina ya kawaida maana hayo ndo watu wanayajua. Mengi yametoka kwenye Kiarabu, na yanataja sehemu ya mwili wa lile umbo la angani: Rigel ni mguu, Deneb ni mkia, Denebola ni mkia wa simba, Fomalhaut ni mdomo wa samaki. Betelgeuse yenyewe ilikuwa “yad al-jawza”, mkono wa Jauza (jina la Kiarabu la Orion), ila waliokuwa wananakili huko Ulaya zamani wakaisoma ile “ya” kama “ba” (kwenye maandishi ya Kiarabu tofauti ni nukta moja tu) na kosa likabaki mpaka leo. Majina haya ni mazuri sana lakini ni machache, hayatoshi hata robo ya nyota unazoziona kwa macho.

Ndo maana mwaka 1603 Mjerumani Johann Bayer alipochapisha atlasi yake, Uranometria, akaamua kutumia herufi za Kigiriki: alfa, beta, gama na kuendelea, kisha jina la kundinyota kwa Kilatini. Hiyo “Orionis” inayowasumbua wengi maana yake ni “ya Orion”, basi. Kundinyota la Leo, yaani Simba, linakuwa Leonis, Taurus inakuwa Tauri, Crux inakuwa Crucis, na kwenye ramani yote yanafupishwa kwa herufi tatu, Ori, Leo, Tau, Cru. Watu wengi wanaambiwa alfa ndiyo inayong'aa kuliko zote kwenye kundi lake. Mara nyingi ni kweli ila usiitegemee: Rigel ni beta ya Orion na kwa kawaida inaishinda Betelgeuse ambayo ni alfa, na kwenye Dubu Mkubwa Bayer alizifuata tu zile nyota saba kwa mstari wa umbo lake, moja baada ya nyingine. Herufi za Kigiriki ziko 24 tu, kwa hiyo zikimwishia alihamia kwenye herufi za Kilatini, na hakuvuka Q. Kumbuka hiyo Q, tutairudia.

Namba ya 58 Ori inatokana na kazi ya John Flamsteed wa Greenwich, Uingereza. Hapa nyota za kila kundinyota zimehesabiwa kutoka magharibi kwenda mashariki, namba ndogo ndiyo inayotangulia. Orodha yake kamili ilitoka 1725 akiwa ameshafariki, na kabla ya hapo kulikuwa na ugomvi mkubwa kwa sababu Newton na Halley walichapisha data zake mwaka 1712 bila ridhaa yake, naye akatafuta nakala 300 kati ya 400 akazichoma moto. Lakini kinachonigusa mimi zaidi ni 34 Tauri. Ukiitafuta leo mahali alipoiandika huikuti. Flamsteed aliiona mwaka 1690 akaiandika kama nyota nyingine yoyote, kumbe alikuwa anaitazama sayari ya Uranus, miaka 90 na zaidi kabla William Herschel hajaigundua mwaka 1781! Sayari ikaendelea na safari yake, namba ikabaki haina mwenyewe.

Kitu kingine, Flamsteed alihesabu zile tu zinazoonekana kutoka Uingereza, kwa hiyo makundinyota ya kusini kabisa hayana namba zake. Ukikutana na 47 Tucanae usidanganyike, hiyo ilitoka kwenye orodha ya Johann Bode ya mwaka 1801, na hata sio nyota moja, ni kishada cha nyota.

Sasa tuje kwenye HD, ambayo kwangu mimi ndiyo orodha yenye stori kubwa kuliko zote. Henry Draper alikuwa daktari wa Marekani aliyependa nyota, na mwaka 1872 akafanikiwa kupiga picha ya spektra ya nyota Vega, yaani mwanga wake ukiwa umetawanywa kama upinde wa mvua na mistari myeusi ndani yake. Akafariki 1882 kazi ikiwa bado changa. Mke wake, Anna, akatoa pesa kwa kituo cha Harvard ili kazi iendelee kwa jina la mumewe. Pale wanawake walikaa na vioo vya picha wakisoma spektra moja moja, na Annie Jump Cannon akawa na jicho kali kiasi kwamba aliweza kupanga mpaka nyota tatu kwa dakika. Orodha ikatoka kati ya 1918 na 1924, nyota 225,300, kila moja na aina yake ya spektra: O, B, A, F, G, K, M, kutoka ya moto zaidi hadi ya baridi zaidi. Mpaka leo tunatumia herufi hizohizo. Kwa hiyo ukiona HD mbele ya namba, jua kuna mtu aliutazama mwanga wa hiyo nyota kwa macho yake.

Na hapa kuna kitu unaweza kukijaribu mwenyewe. Betelgeuse ni HD 39801, Sirius ni HD 48915, Vega ni HD 172167. Namba zinapanda kwa kufuata longitudo ya anga, ambayo inahesabiwa kwa saa, 0 mpaka 24. Betelgeuse iko saa 5 na dakika 55, Sirius saa 6 na dakika 45, Vega saa 18 na dakika 37. Maana yake ni kwamba Betelgeuse ikiwa imefika juu kabisa kwenye njia yake, subiri dakika kama 50 hivi na Sirius nayo inafika juu ya njia yake. Na ukiwa na namba mbili tu za HD mkononi, bila ramani, unajua ipi inatangulia (zikikaribiana sana usiape, maana zilipangwa kwa anga ya mwaka 1900 na mhimili wa dunia unayumba polepole). HR ni hivyohivyo: HR 2061, HR 2491, HR 7001. Hiyo ni orodha ya nyota angavu, iko na namba 9,110 na inaishia karibu na mwisho wa uwezo wa macho matupu, kwa hiyo nyota yenye HR jaribu kuitafuta hata bila darubini kama giza lako ni zuri.

SAO, kifupi cha jina la kituo cha Smithsonian cha Marekani, inageuza mpangilio. Hii ni ya mwaka 1966, nyota 258,997, na inaanza kaskazini inashuka kusini kwa mikanda ya nyuzi kumi kumi. Angalia: Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini, ni SAO 308. Vega ni SAO 67174, Betelgeuse 113271, Sirius 151881, Alfa Centauri 252838. Namba zikiachana sana, yenye namba kubwa ndiyo iko kusini zaidi, wala huhitaji kukariri chochote.

BD+7 1055 nayo inasomeka vizuri tu. Ni kazi ya Friedrich Argelander na wenzake kule Bonn, Ujerumani, iliyotoka 1859 hadi 1862, zaidi ya nyota laki tatu kwa kutumia darubini ndogo na bila kamera. +7 ni mkanda wa anga kati ya nyuzi 7 na 8 kaskazini, na 1055 ni nyota ya 1055 ndani ya huo mkanda.

Huyuhuyu Argelander ndiye aliyeanzisha majina ya nyota zinazobadilika mwangaza, na ile Q ya Bayer ndo inaingia hapa. Kwa vile Bayer hakuvuka Q, Argelander akaanza na R ili zisigongane: R Leonis, kisha S, T, mpaka Z. Zikaisha. Wakaja na RR hadi RZ, SS hadi SZ, mpaka ZZ, nazo zikaisha, wakarudi AA mpaka QZ wakiiruka J. Jumla kwa kila kundinyota inafika 334, ndipo watu wakachoka na herufi na ya 335 ikaitwa V335, na kuanzia hapo ni V na namba. Kwa hiyo V838 Monocerotis ni nyota ya 838 inayobadilika iliyosajiliwa kwenye Monoceros.

HIP haihitaji maneno mengi. Ni satelaiti ya Ulaya Hipparcos, iliyorushwa 1989 kupima umbali wa nyota, na orodha yake ya 1997 ina nyota 118,218. Ukitaka umbali unaoaminika anza na hiyo, au na mrithi wake Gaia ambayo data zake za 2022 zina vitu kama bilioni 1.8, ndo maana namba za Gaia ni ndefu kiasi hakuna anayezitamka.

Orodha zikishakuwa kubwa hivyo, wengine waliamua jina liwe mahali penyewe. TRAPPIST-1, ile nyota yenye sayari saba, ina jina lingine: 2MASS J23062928-0502285 (2MASS ni jina la orodha). Inatisha ukiiona, lakini ikate vipande: saa 23, dakika 06, sekunde 29.28, alafu nyuzi 5 kusini, dakika 02, sekunde 28.5. Hayo ni majiranukta yake, yaani mahali ilipo angani, yaweke kwenye darubini inayojiendesha na itaelekea hapohapo.

Herufi ya mwishoni nayo usiipuuze. Kubwa ni nyota mwenza, kama Sirius B, ndogo ni sayari, na sayari huanzia b, kama 51 Pegasi b iliyotangazwa 1995. Na ukikwama na namba yoyote, kuna kanzidata ya bure inaitwa SIMBAD, iko Strasbourg, Ufaransa: andika jina lolote ulilonalo, itakurudishia mengine yote ya nyota hiyohiyo. Mimi kwenye daftari langu huandika la Bayer au Flamsteed likiwepo, na HD pembeni yake, maana ukiandika “ile nyekundu karibu na Aldebaran” mwaka ukipita hata mwenyewe hujui ulikuwa unaangalia ipi.