Koni ya kutokuwa na uhakika ni nini?

Ukisimamia mradi wa programu swali la kwanza la bosi ni "itaisha lini?", na mara nyingi anauliza hata kabla mteja hajasema anataka nini hasa. Hapo ndo hii koni inapohusika, ni mchoro unaoonyesha makadirio yanaweza kukosea kwa kiasi gani. Mmarekani Barry Boehm, mtaalamu wa uhandisi wa programu, aliichora mwaka 1981 akionyesha kwamba mradi ukiwa bado wazo tu, makadirio ya ukubwa wa kazi yanaweza kukosea mara 4 kwenda juu au mara 4 kwenda chini, yaani ukisema ni kazi ya miezi 6 kwa mtu mmoja, inaweza kuwa ya mwezi na nusu au miaka 2. Mahitaji yakishaeleweka, skrini zikachorwa, kazi ikaanza kujengwa, ule upana kati ya makadirio ya chini na ya juu unapungua mpaka mwishoni inabaki ncha, ndo ikaitwa koni.

Wengi wanadhani inajibana yenyewe siku zikienda. Hapana, inabanwa na maamuzi na kazi iliyofanyika, unaweza kukaa miezi 3 kwenye vikao na ukatoka hujui kitu kama siku ya kwanza.

Mimi niliwahi kusimamia mfumo wa ada za shule, kuunganisha malipo ya simu nikaandika siku 3 maana programu yenyewe ni fupi tu, kumbe kuandika programu haikuwa shida, shida ni barua, mhuri, idhini, mara akaunti ya majaribio inakubali ile ya kweli inakataa, zikapita wiki 5 na shule zinakaribia kufunguliwa. Hicho kipande tungekigusa wiki ya kwanza tungejua mapema, lakini tulianza na ukurasa wa kuingilia na rangi za vitufe kwa sababu hivyo tulikuwa tunavijua.

Kwa hiyo kukubali kwamba hujui sio kukwepa kutoa tarehe. Toa tarehe mbili, "kati ya Machi na Juni", sema wazi nini kitatufikisha Juni, halafu baada ya wiki 2 rudi na upana mpya. Bosi atanuna mwanzoni, atataka namba moja, usimpe kwa kumridhisha jamani, maana hiyo moja ndo itaingia kwenye mkataba na vijana wako ndo watalala ofisini kuifukuzia. Siku hizi ripoti yangu ya Ijumaa ina tarehe mbili na mstari mmoja chini yake: wiki hii tumejua nini ambacho wiki iliyopita hatukukijua.