Kutengeneza apu za simu kwa bloku: dhana potofu na ukweli

"Huo ni mchezo wa watoto." Wazazi wengi hapa Mombasa wakimwona kijana anavuta vipande vya rangi kwenye skrini, huamua papo hapo kuwa anacheza. Dhana hii inaniuma kuliko zote, maana huwavunja moyo wanaoanza.

Ukweli ni kwamba bloku, yaani hivyo vipande vya rangi vinavyobeba amri na kuunganishwa badala ya amri kuandikwa, humpunguzia mwanafunzi shida ya mabano na nukta-mkato. Kufikiri kuko palepale. Chukua App Inventor, programu ya kutengenezea apu kwa bloku, iliyoanzia Google mwaka 2010 kisha ikahamia chuo cha MIT, Marekani. Tuseme kijana wa Kisauni anamtengenezea mamake, muuza samaki, apu ya kujumlisha mauzo. Anaweka kisanduku cha kuandikia, kitufe na lebo ya kuonyeshea jumla. Jumla anaihifadhi kwa TinyDB, ghala dogo lililo ndani ya simu. Anaandika 200, anabonyeza, apu inagoma. Kumbe ghala bado halina kitu, na bloku ya kusoma jumla inarudisha maandishi matupu badala ya namba. Dawa ni kuchomeka 0 kwenye tundu la thamani ya kutumika pale ambapo hakuna kilichohifadhiwa. Anayeandika amri kwa lugha za kompyuta kama Java au Python hukumbana na matatizo ya aina hiyohiyo. Mwalimu, tafadhali usimrekebishie. Muulize: "Kabla mama hajauza hata samaki mmoja, jumla ni ngapi?" Mwache ahangaike nalo kidogo.

"Lazima kompyuta ya bei kali." Hapana. Kazi yote hufanyika kwenye kivinjari, na apu hujaribiwa papo hapo kwenye simu ya Android iliyo kwenye Wi-Fi moja na kompyuta. Intaneti inahitajika wakati wa kujenga; apu ya mauzo ikishawekwa kwenye simu, sokoni Kongowea itafanya kazi bila bando.

"Afundishwe bloku zote kwanza." Hapa walimu ndio tunaopotea. Kitufe kimoja kinachobadilisha maandishi ya lebo kinatosha kwa siku ya kwanza.

"Apu hizo haziwezi kufika Play Store." Zinafika. Google hutoza dola 25, mara moja tu, kufungua akaunti ya msanidi.

"Bloku zinatosha kwa kila kitu." Hili nalo si kweli. Apu ikikua, skrini hujaa bloku hadi kuifuatilia kunachosha. Hapo mhamishie kwenye Kotlin, lugha ya kuandikia apu za Android. Masharti (ikiwa hivi, fanya vile) na mizunguko (kurudia amri) atakuwa ameshavielewa.