Mpango wa zana za kijeshi: kwa nini bei ya manowari si gharama yake

Serikali ikitangaza kwamba imenunua manowari, swali la kwanza barazani huwa moja: ni bilioni ngapi? Si swali baya, ila jibu lake ni kipande tu cha hesabu. Bei inayotajwa ni ya kukabidhiwa chombo. Bado kuna mafuta, mafunzo ya mabaharia, risasi, vipuri, rada ambayo baada ya miaka kumi itakuwa imepitwa na wakati, na siku ya mwisho ya kukivunjavunja. Wakaguzi wa bunge la Marekani wamekuwa wakisema miaka nenda miaka rudi kwamba takriban asilimia 70 ya fedha ambazo silaha kubwa hula maishani mwake huenda kwenye kuiendesha na kuitunza.

Mpango wa zana ni hesabu hiyo nzima ikiandikwa kabla ya kutia saini. Jeshi linatarajia kupambana na nani au na nini? Kwa hilo linahitaji chombo cha aina gani, na lini? Teknolojia yake imeshajaribiwa, au bado iko kwenye makaratasi? Kitatengenezwa wapi kikiharibika, na kwa pesa za fungu gani?

Wenye majahazi wa Bandari ya Kale ya Mombasa hawahitaji kufundishwa jambo hili. Jahazi likishatoka kwa fundi ndiyo kwanza linaanza kula pesa: lipwelezwe, likwanguliwe chini, likalafatiwe (mianya ya mbao izibwe), lipakwe deheni ya shahamu na chokaa, kisha baada ya miezi lirudishwe tena pwani kwa kazi ileile. Asiyelitengea fungu hilo hana chombo, ana mbao zinazosubiri kuzama. Manowari ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba fundi wake huenda yuko Ulaya.

Tazama meli mbili za Jeshi la Wanamaji la Kenya, KNS Nyayo na KNS Umoja. Ziliundwa Uingereza na kufika miaka ya 1980. Zaidi ya miaka 20 baadaye zilipelekwa Italia kufanyiwa ukarabati mkubwa, zikarejea Mombasa mwaka 2011. Safari ya namna hiyo hugharimu mara mbili: kuna pesa za kazi yenyewe, na kuna miezi mingi ambayo zamu baharini inabaki kwa meli chache zilizosalia. Gharama hii ya pili haina mstari kwenye kitabu cha bajeti, na kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi.

Uingereza, tangu 2012, ilikuwa ikichapisha mpango wa zana wa miaka kumi, na ofisi ya taifa ya ukaguzi ikiupitia hadharani. Mpango wa 2023 hadi 2033 ulionyesha zana zitakazogharimu pauni bilioni 305.5 huku fedha zilizotengwa zikiwa bilioni 288.6. Pengo: bilioni 16.9, kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Mfumuko wa bei ulichangia, na silaha za nyuklia zikachangia zaidi. Unaweza kuwacheka, lakini walau pengo lilionekana kabla halijageuka deni.

Sasa utafiti. Watu wakisikia utafiti wa ulinzi hufikiria maabara ya siri na makombora. Yapo hayo. Marekani iliunda shirika lake la utafiti wa kijeshi, linalojulikana leo kama DARPA, mwaka 1958, baada ya Wasovieti kuitangulia angani kwa Sputnik mwaka 1957. Mtandao wa kompyuta uliozaa intaneti ulianza 1969 kwa pesa za shirika hilo. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haina mbwembwe: ni kupima. Je, kifaa hiki kitafanya kazi pale kitakapotumika kweli?

Kwa hilo kuna kipimo cha ngazi tisa za ukomavu wa teknolojia, kilichoanzia katika shirika la anga la Marekani, NASA, miaka ya 1970. Ngazi ya 1 ni kanuni ya kisayansi iliyoonekana tu. Ngazi ya 9 ni kifaa kilichokwisha kuthibitika kazini. Ngazi ya 7 ndiyo ya kuangaliwa sana: hapo mfano kamili umejaribiwa katika mazingira halisi, si kwenye karakana. Anayeagiza meli yenye mtambo wa ngazi ya 5 analipia majaribio bila kujua, na meli yake ndiyo maabara.

Waingereza walionjeshwa hilo na manowari zao sita za aina ya Type 45, zilizoingia kazini kati ya 2009 na 2013, kila moja ikigharimu takriban pauni bilioni moja. Injini zake za gesi zilikuwa na kipozahewa cha kisasa cha kupunguza matumizi ya mafuta. Kwenye joto kali kama la Ghuba ya Uajemi, kifaa hicho kikashindwa kazi, nguvu ya injini ikashuka ghafla, jenereta za dizeli hazikuweza kubeba mzigo wote, na meli ikazimika taa baharini. Mwaka 2016 mtengenezaji aliiambia kamati ya bunge kwamba mitambo ilikuwa ikiendeshwa katika hali ngumu kuliko ilivyoandikwa mwanzoni. Yaani kosa liliingia kwenye karatasi ya mahitaji kabla halijaingia kwenye chuma. Dawa yake ilikuwa kupasua ubavu wa meli, kung'oa jenereta mbili na kuweka tatu kubwa zaidi.

Nani wa kuisoma hadithi hiyo kwa makini kama si sisi, ambao bahari yetu ni ya joto mwaka mzima? Chombo kilichosanifiwa kwa maji baridi kikiletwa Kilindini, kinapaswa kuulizwa maswali ya joto, chumvi na unyevu kabla ya kuulizwa bei.

Kuna pia suala la wakati. KNS Jasiri iliagizwa Hispania mwaka 2003, ikafika Mombasa 2012 baada ya mvutano wa mkataba na malipo. Katikati hapo, kuanzia 2008 hadi 2011, maharamia wa Kisomali waliteka meli kwa wingi katika bahari hii hii. Mkataba uliokwama huacha tundu kwenye ulinzi, na adui hangoji kesi iishe.

Bajeti ya Kenya hupangwa kwa makadirio ya miaka mitatu mitatu. Manowari huishi miaka 30 au zaidi. Kwa hiyo waziri anayetia saini, mbunge anayepitisha na anayekuja kulipia ukarabati mara nyingi ni watu watatu tofauti, na wa tatu ndiye asiyealikwa kwenye picha. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti. Fedha hizo zingekuwapo, baadhi ya majibu ya joto na chumvi tungeyapata hapa hapa.

Kampuni ya serikali ya kuunda meli, Kenya Shipyards Limited, ilianzishwa 2020 chini ya Wizara ya Ulinzi. Inafanya kazi Kisumu, ilikoundwa MV Uhuru II, na Mtongwe, Mombasa, penye chelezo cha kupandishia meli kubwa. Chelezo kinafuta safari ya Ulaya kwa kazi ya bodi: kutu, mabati, rangi, rafadha. Hakifuti utegemezi wa rada, programu za kompyuta na mifumo ya silaha, kwa sababu hizo hufunguliwa na mwenye michoro na haki zake. Mkataba mpya ukitangazwa, kifungu cha kutafuta ni kile kinachosema nani atakabidhiwa michoro, na mafundi wangapi wa Mtongwe watakaa na watengenezaji tangu bamba la kwanza linapokatwa.