Tunaliogopa Ziwa, Tunalisahau Shimo la Nyuma ya Nyumba

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, umeme unapokatika jioni na majirani wakatoka nje kungoja urudi, mazungumzo huanzia kwenye bei ya makala ya kupikia (makaa) na kuishia kwenye mlima wetu wa volkano, Nyiragongo. Kila mtu ana la kusema, wala si ajabu, kwa kuwa wengi wetu tumeikimbia lava angalau mara moja, Januari 2002 au Mei 2021. Linaloniuma ni kwamba katika maneno hayo hofu kubwa hupelekwa kwenye hatari iliyo nadra, huku ile inayoua kimyakimya, mazuku itokayo ardhini, ikipewa sababu isiyo yake.

Dhana inayorudiwa kuliko zote ni kwamba lava ikigusa Ziwa Kivu, ziwa zima litalipuka. Hofu hiyo ina msingi. Ndani ya ziwa, ambalo kina chake kinakaribia mita 485, mmeyeyuka gesi nyingi mno: kama ingetolewa na kupimwa juu ya ardhi, ingefika takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Anayeikumbuka habari ya Ziwa Nyos nchini Kameruni anajua pia kwamba gesi iliyofumuka humo usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 iliua watu zaidi ya 1,700. Lakini gesi ya Kivu haikai juu ya maji ikingoja kiberiti. Sehemu yake kubwa imo katika maji mazito yenye chumvi, chini ya mita 260 hivi, na uzito wa maji yaliyo juu yake unaikandamiza kama kizibo kinavyoizuia gesi ya soda chupani. Ili itoke, sharti maji hayo ya chini yainuliwe kwa nguvu kubwa, au gesi iongezeke hadi maji yashindwe kuibeba. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani watu wakitazama. Maji yalitoa mvuke ufukweni, lakini gesi ya kilindini haikufumuka. Mlipuko utakaotokea chini ya ziwa lenyewe ni jambo jingine, ndiyo maana wakuu waliamuru mitaa 10 ya mji ihamwe tarehe 27 Mei 2021, magma, yaani mawe yaliyoyeyuka ardhini, ilipokuwa imejipenyeza chini ya mji kuelekea ziwani. Tahadhari ile haikuwa upuuzi, hata kama mlipuko haukuja.

Kuhusu uchimbaji wa methani, wapo wanaoamini kwamba kuigusa ni kuliamsha ziwa. Mtambo wa KivuWatt, upande wa Rwanda, huvuta maji ya chini, huitenga gesi na kuyarudisha maji ziwani, na hivyo hupunguza shehena badala ya kuichokoza. La kuangaliwa ni kina ambako maji hayo yanarudishwa, kwa sababu yakiachwa mahali pasipofaa yanaweza kuvuruga matabaka ya maji yanayoizuia gesi.

Mwanga mwekundu juu ya Nyiragongo nao si kengele ya mlipuko. Kwa miaka mingi baada ya 2002 tuliuona usiku, ukitoka kwenye ziwa la lava lililokuwa likichemka ndani ya kreta, shimo la kileleni, na lava ya 2021 ilipokuja ilipasua ubavu wa mlima karibu bila onyo. Na wanaosema kwamba volkano ndizo zinazoipasha dunia joto wajue kwamba kaboni dioksidi ya volkano zote duniani kwa mwaka haifiki asilimia 1 ya ile inayotokana na shughuli za binadamu.

Sasa mazuku. Neno hili ni la huku kwetu, na wanasayansi wa nchi za mbali wamelichukua kama lilivyo. Wengi bado wanasema ni pepo, au ni mkono wa jirani mwenye kijicho, na nimesikia familia iliyofiwa ikimtafuta mchawi kabla ya kuutazama udongo. Mazuku ni kaboni dioksidi inayopanda kupitia nyufa za ardhi. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu hivi, hutuama mabondeni na mashimoni kama maji, hasa usiku na alfajiri, kabla upepo haujaitawanya. Ndiyo sababu mtu mzima anaweza kuvuka mahali akiwa salama, na mbuzi au mtoto anayemfuata akaanguka papo hapo. Karibu na Ziwa la Kijani niliwahi kuchungulia shimo dogo katikati ya mawe meusi: chini walilala mijusi wawili, panzi na ndege mmoja, mabawa yamefumbwa, bila jeraha lolote.

Wengine hudai kwamba mazuku hunuka kiberiti, hivyo pua itawaonya. Kaboni dioksidi haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu, na ikizidi asilimia 10 ya hewa, fahamu hupotea upesi. Wengine huwasha moto ili kuifukuza, lakini moto wenyewe huzimika ndani yake. Kifo cha mbabula, yaani jiko la makala, iliyoachwa ikiwaka chumbani, milango imefungwa, nacho huitwa mazuku, ilhali kile huletwa na kaboni monoksidi ya makala, ambayo huenea chumba kizima, hata kwa aliyelala kitandani juu.

Kule Mugunga na Bulengo, ambako watu wengi waliokimbia vita walipiga vibanda vya turubai juu ya lava, tofauti hizi zina uzito wa pekee. Mtoto akianguka bondeni, anayeshuka na kuinama kumwinua huingiza kichwa chake katika gesi ileile, na mara nyingi wa pili huanguka juu ya wa kwanza. Aliye juu avute kwa kamba au kwa mti mrefu, apige kelele waje wengine, na kichwa chake kibaki juu ya ukingo.