Mnavu mchungu ni mnavu uliochelewa kuchumwa

Nikipita kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba, vya Uru na Kibosho, au kwenye viwanja vidogo vya Pasua huku chini mjini Moshi, kina mama wananiuliza jambo lile lile: "Bibi shamba, mnavu wangu umekuwa mchungu, watoto hawautaki. Niutie mbolea gani?"

Hapo hapatakiwi mbolea. Ukiutazama huo mnavu, umefika kiunoni, umejaa maua meupe na vitunda vya kijani, na majani ya juu yamekuwa madogo, magumu. Mwenyewe alikuwa anauonea huruma. Alisubiri ukue vizuri ndipo aanze kuchuma.

Mboga za majani hazisubiriwi hivyo. Mmea ukiachiwa unakimbilia kuzaa mbegu, na ukishaanza kutoa maua hauhangaiki tena na majani. Anayeukatiza ni mchumaji. Ndiyo maana nikifundisha bustani ya nyumbani natumia muda mwingi kwenye kisu kuliko kwenye samadi, ingawa samadi iliyoiva nayo haina mbadala.

Tuseme umehamisha miche ya mnavu kutoka kitaluni, ukaipa nafasi ya futi moja kati ya mche na mche. Baada ya wiki 4 hadi 6 imeshashika. Kata shina kuu kwa kisu kikali, ukiacha kama sentimita 15 kutoka ardhini, juu kidogo ya mahali jani lilipoota. Usinyofoe kwa mkono, unachubua shina na ugonjwa unapata mlango. Kilichokatwa kinakwenda jikoni siku hiyo hiyo. Tazama tena zile kwapa za majani yaliyobaki, pale jani linaposhikana na shina: kila kwapa inasukuma chipukizi. Ndani ya wiki moja au mbili, kulingana na joto na maji, palipokuwa na shina moja pana matawi kadhaa. Chuma ncha za matawi hayo, acha majani mawili chini ya kila ncha, na ua lolote ukiliona lidondoe hapo hapo. Shina moja linaloshughulikiwa hivyo linakulisha kwa miezi.

Mchicha una haraka zaidi. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, la sivyo zinaota zimebanana. Zikibanana pia si msiba: ile unayopunguza ndiyo mboga ya kwanza, inang'olewa na mizizi yake ikiwa laini kabisa. Iliyobaki unaikata kama mnavu. Ila mwezi wa kwanza na wa pili, jua la Moshi likiwa kali, mchicha wenye kiu unatoa maua ungali mfupi. Funika tuta kwa majani makavu ya migomba, mwagilia asubuhi. Masika hali inageuka: mvua ya Aprili inarusha tope kwenye majani na mizizi inaoza, hivyo inua matuta.

Majani ya maboga, chuma ncha na majani machanga yanayoifuata. Mtambaa utatoa matawi ya pembeni. Sukuma wiki huchumwa kuanzia chini, ukiacha majani manne au matano ya juu. Matembele, usiyakwangue yote kama unatarajia viazi.

Sasa twende jikoni, maana hasara ya kuchelewa inaonekana huko. Mnavu mzee unalazimika kuuchemsha na kumwaga maji ili uchungu upungue, na maji yale yanaondoka na sehemu ya vitamini. Mnavu mchanga hauhitaji adhabu hiyo. Uoshe ukiwa mzima, ndipo ukate; ukikata kwanza kisha ukaosha, unamwaga tena vitamini. Kaanga kitunguu na nyanya kwenye mafuta kidogo, tia mnavu bila kuongeza maji, funika. Maji yaliyobaki kwenye majani yanatosha. Ukilegea, tia maziwa au karanga za kusaga, uache uchemke kidogo, epua ungali kijani. Yale mafuta ya maziwa na karanga yana kazi: yanausaidia mwili kupata vitamini A kutokana na majani. Nyanya, au ndimu ukiikamulia mezani, inasaidia upande wa madini ya chuma. Vile vitunda vya kijani viondoe, visiingie sufuriani.

Kuhusu magadi nitasema wazi, najua nitapingwa. Kwenye maharage makavu naelewa, kuni ni ghali. Kwenye mnavu mchanga sioni sababu. Magadi yanailainisha mboga upesi na kuiacha na kijani cha kupendeza, lakini yanaharibu vitamini C. Wazee wengine wanapenda mnavu wao mchungu hivyo hivyo, tena pembeni ya ndizi za kuchemsha, na hao sina ugomvi nao.

Kisamvu kiko nje ya haya yote. Hata kikichumwa kichanga kina sumu, lazima kitwangwe na kichemshwe muda mrefu.

Pale utakapotaka mbegu, chagua mapema mashina mawili au matatu yenye majani mapana na yasiyo na wadudu, yafunge kitambaa ili mtu mwingine wa nyumbani asiyachume, kisha uyaache yazae. Tunda la mnavu lisubiri mpaka liwe jeusi tii na laini. Likamue kwenye bakuli la maji, osha ute wote, chuja, anika mbegu kivulini juu ya kitambaa. Zikikauka, zifunge kwenye karatasi na uandike mwezi uliozikamua. Kuku wafungiwe siku hiyo ya kuanika.